Viti Viwili, na Kimoja ni cha Baba Mkubwa

Kasese, 9 Septemba 1969

Mama Kulusum, mshauri wetu wa ukurasa wa nyuma wa gazeti,

Salaam aleikum. Nakuandikia mimi Muhamood, kijana wa miaka ishirini na miwili, dereva wa lori hapa Kasese, na nakuomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha kwa sababu ukiisha nitakuwa nimepoteza mchumba, na sababu yenyewe ukiisikia utasema kijana huyu ana wazimu, lakini tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ucheke.

Kwanza ujue kwamba mimi sina shida ya maisha, alhamdulillahi, nakula nashiba, nina kazi ya kupeleka chumvi na samaki wa Kahendero mpaka Bwera, sijagombana na mtu, na Mungu amenipa kitu ambacho sikuwahi hata kukiota, yaani motoka ya spoti. Ni MG nyekundu ya mwaka 1953, paa lake ni turubai linalokunjwa nyuma, ina viti viwili tu, na ilikuwa ya injinia mmoja Mzungu wa mgodi wa shaba kule Kilembe ambaye alikuwa anarudi kwao na hakutaka kuiacha kwa mtu atakayeigeuza banda la kuku, na kwa vile mimi ndiye nilikuwa namletea samaki kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilikuwa nasimama kuiangalia mpaka samaki wanaanza kunuka, akaniuzia kwa bei ya huruma, akanifundisha mwenyewe kusafisha kabureta zake mbili, na siku ya kuondoka akaipapasa boneti akageuka akaenda bila kuniaga. Mama, ukikanyaga mafuta kwenye ile barabara iliyonyooka ya kwenda Katunguru, upepo unakuingia mpaka ndani ya mikono ya shati, na mimi hujikuta nacheka bila kuambiwa kitu.

Sasa shida. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, baba mkubwa Hajji Sowedi, ambaye ndiye mwenye malori, na katika nyumba yetu kuna desturi kwamba motoka ya kwanza ya kijana haiandikwi jina lake, inaandikwa jina la mkubwa wa nyumba mpaka siku kijana atakapooa, hata ndugu zangu walionitangulia walianza hivyo, kwa hiyo sikuona ubaya, tukaenda pamoja kwa wakala wa bima, bwana mmoja anaitwa Yeseri mwenye ofisi karibu na stesheni ya reli. Yeseri akachungulia motoka dirishani, akaniangalia mimi, uso ukamkunjika, akasema kijana wa chini ya miaka ishirini na mitano na gari ya mbio ya viti viwili, bima yake ni karibu mara tatu, na tena gari yenyewe ni ya zamani, spea zake hata Kampala ni za kubahatisha. Halafu akauliza, "Dereva atakuwa nani?" Mimi nilikuwa nafungua mdomo, baba mkubwa akaniwahi, akasema, "Mimi." Yeseri akaandika. Umri, hamsini na nane. Ajali, hakuna hata moja tangu enzi za Waingereza. Uso wa Yeseri ukakunjuka, akatupa bei nzuri, na mimi Mama nikanyamaza, nikaangalia kalenda ya ukutani mpaka wakamaliza kutia sahihi.

Ni kweli baba mkubwa alikuwa dereva hodari, lakini ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa nne sasa hajashika usukani, na mtu akimsalimu kwa mbali anaijua sauti tu. Tulipotoka nje nikamuuliza, "Baba, lakini si mimi nitakayeendesha?" Akasema, "Utaendesha wewe, na mimi nitakuwa ndani. Bima ni ya mwenye jina. Mwenye jina akiwa ndani, bima nayo iko ndani." Alilisema kwa uhakika hata mimi nikaamini, na tangu siku ile, miezi minane, sijaiendesha motoka ile bila Hajji kukaa kando yangu.

Nikienda posta, yuko. Nikienda kunyoa, yuko. Anapanda na kanzu yake na birika la kutawadhia katikati ya miguu, mkono mmoja ameshika tarabushi isipeperuke, mkono wa pili anawapungia watu asiowaona, na tukifika Mubuku ananiambia simama, ananunua nyanya na mchele mpya kutoka kwa wale wa mashamba ya kumwagilia maji, anavipakata mpaka nyumbani, na mji mzima siku hizi unaiita motoka ya Hajji. Akishikwa na malaria, motoka inalala. Mara moja tu alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa natamani sana kuitembeza, nikachukua koti lake na tarabushi nikavipanga vizuri kwenye kiti cha pili, nikaenda mpaka kwenye pampu ya petroli nikarudi polepole, nikijiambia angalau nguo zake zimo.

Lakini lililonitoa usingizi ni la mwezi wa saba. Tulikuwa tunatoka Mubuku, mtu mmoja anaitwa Thembo akatoka na baiskeli kwenye njia ya shambani, amefunga gunia la mahindi nyuma, nikakwepa, nikagusa gurudumu lake la nyuma, akaanguka akachubuka kiwiko, gurudumu likapinda. Nikasimama. Kabla sijafungua mlango baba mkubwa akaniambia, "Shuka upesi, tubadilishane viti." Nikashuka, Mama, akapapasa akaushika usukani, akakaa pale mbele ya kioo asichokiona, akangoja polisi ambao hawakuja. Thembo alituangalia tu. Tulimnunulia gurudumu jipya, tukampeleka kufungwa bandeji, akasema yameisha, akacheka hata, lakini mimi nilikuwa nikimtazama baba mkubwa pale kwenye usukani nikahisi kitu kibaya, na mpaka leo sijui nikiite nini.

Sasa kuna Habibah. Habibah ni binti wa mfanyabiashara wa vitenge kule Bwera, tumechumbiana kwa heshima, wazee wamekubaliana, nikaha iwe kabla ya Ramadhani, na nikwambie ukweli, nikimwona mpango wangu wote wa kuongea unapotea. Wiki mbili zilizopita nilifika kwao, mimi na Hajji kama kawaida, na shangazi yake Halimah akituangalia kwa dirisha, Habibah akatoka akazunguka motoka mara moja, akauliza, "Siku ya kunichukua utakuja na hii?" Nikasema ndiyo. "Iko na viti viwili. Mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia labda kwenye lori na akina shangazi, tutalipamba vizuri, kwa sababu Hajji lazima awe kwenye motoka. "Lazima ya nini?" Nikasema ni mambo ya karatasi. Akasema, "Basi aolewe Hajji," akaingia ndani. Kesho yake akanitumia salamu kwa mtu wa lori kwamba hatatoka Bwera akiwa nyuma ya motoka ya bwana harusi aliyempakia baba yake mkubwa, na kwamba mwezi ukiisha kabla sijampa jibu la maana atamwambia baba yake asimamishe mambo, na Mama, yule msichana akisema kitu huwa amekwisha kukifikiri.

Nimeuliza watu. Benoît, fundi wangu aliyetoka Butembo, anasema, "Motoka iko muzuri, Muhamood, lakini iko na viti mbili na batu beko batatu. Nitachomelea kiti ya tatu huko nyuma, kidogo, muzee atakaa pale." Rafiki yangu Musitafa anasema niuze motoka ninunue pikapu. Baba mkubwa nilipomgusia alisema bibi harusi kwenye lori hana ubaya, hata mama aliyenizaa mimi aliletwa kwa lori. Na ninaogopa zaidi kwa sababu nikioa, kwa desturi yetu motoka itaandikwa jina langu, nitarudi kwa Yeseri, ataona mwenyewe kwamba dereva alikuwa mimi muda wote. Nichomelee kiti, niuze motoka, au nimbembeleze Habibah apande lori? Nisaidie, maana kila kitu changu kingine ni kizuri na sitaki kukiharibu.

Muhamood, dereva, Kasese

*

Muhamood mwanangu,

Uliniambia nisome mpaka mwisho ndipo nicheke. Sikuweza. Nilicheka kwenye birika, nikacheka kwenye koti na tarabushi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika Mubuku, kicheko kikakatika, na mpaka sasa hakijarudi, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Umeniletea njia tatu na zote tatu ni za kukimbia. Benoît ni fundi, anajibu kwa moto wa kuchomelea, simlaumu. Musitafa anaitaka pikapu yeye mwenyewe, chunguza utaona. Na hilo la Habibah kupanda lori usilitamke tena mbele ya mtu.

Shida yako si viti. Wewe ulikaa kwa Yeseri ukaangalia kalenda wakati uongo unaandikwa, na tangu siku hiyo unamzungusha mzee wa watu kwenye upepo ukidhani ukiupakia uongo kila safari utakuwa kweli. Bima haimtazami aliyekaa kando. Inamtazama aliyeshika usukani, na ile kampuni iliambiwa kwamba usukani umeshikwa na mtu wa miaka hamsini na nane asiyewahi kugonga hata mbuzi. Ungegonga, Hajji angekuwa ndani, birika lingekuwa ndani, nyanya zingekuwa ndani, na bima isingekuwepo. Miezi minane umetembea mtupu, na pesa umelipa.

Sasa mfikirie Thembo. Umeandika habari zake kwa mistari michache kisha ukakimbilia kwa Habibah. Huyo ana shamba, ana mahindi ya kuvuna, pengine ana watoto. Angevunjika mguu? Angevunjika mgongo? Kampuni ingetuma mtu wa kuuliza maswali, Thembo angesema aliyekuwa anaendesha ni kijana, wangempima Hajji macho, na hapo karatasi yenu ingechanwa. Thembo angelala kitandani bila senti ya mtu yeyote, na ninyi mngeuza malori kumlipa, na yasingetosha. Bima uliidharau ukadhani ni kodi ya kupenda motoka nzuri. Ni ya Thembo. Wewe unailipa tu.

Na kile kitu kibaya ulichokihisi, mimi nakijua jina, nitakwambia. Ulimwona mzee aliyekulea akikaa mahali pa kukamatwa ili wewe usikamatwe. Asiyeona, ameshika usukani, anangoja polisi kwa niaba yako. Huo ni upendo, mwanangu, na ni kosa kubwa pia, vyote viwili kwa pamoja, na wewe ulishuka ukampisha. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili siku hiyo, si sita. Ona aibu kidogo, itakufaa, halafu inuka tufanye kazi.

Jumatatu asubuhi nenda kwa Yeseri. Usimtume Hajji, usiende na Hajji kwanza. Mwambie ulivyonyamaza na mwambie habari ya Mubuku, yote, na gurudumu mlilonunua. Atakasirika, mwache akasirike. Mimi nimemuuliza wakala ninayemfahamu, bila kutaja jina la mtu, akaniambia mambo ambayo ungeyajua zamani kama ungefungua mdomo. Bima ya kuwalipa wale utakaowagonga huwezi kuikwepa, na kwa umri wako itauma, hilo ni kweli. Lakini ile kubwa, ya motoka yenyewe, unaweza kuipunguza. Ukikubali kubeba mwenyewe hasara ya kwanza, bei inashuka. Ukiandika kwamba dereva ni wewe peke yako na motoka haifanyi biashara wala safari za mbali, inashuka tena. Watataka kuona inalala wapi, kwa hiyo ijengee banda lenye mlango na kufuli, usiiache barabarani. Na kwa kuwa ni ya zamani, mkubaliane thamani yake mapema kwa maandishi, uwapelekee picha na barua ya Benoît inayosema injini ikoje na bodi ikoje, maana ikiungua leo mtu atakwambia gari ya 1953 ni chuma chakavu, akulipe bei ya chuma chakavu. Kama hata hivyo hela haifiki, motoka ikae bandani mpaka ifike. Uioshe, uiangalie, ufurahi. Haitaoza.

Jioni ya siku hiyohiyo kaa na Hajji. Usimhubirie. Mwambie umekwenda kwa Yeseri na umesema. Mwombe abadilishe jina la motoka sasa, kabla ya nikaha. Desturi yenu inasema mpaka kijana aoe, na wewe unaoa, kwa hiyo haivunjwi. Mpe muda wa kulifikiri.

Maana kuna jambo hukuliona, na mimi mjane wa dereva nimeliona kwenye barua yako mara mbili. Mtu aliyeendesha tangu enzi za Waingereza, macho yakamtoa barabarani, akakaa barazani miaka minne akisikiliza malori yake mwenyewe yakiondoka bila yeye. Halafu siku moja akapata kiti. Unadhani alikuwa anailinda bima tu? Anawapungia watu asiowaona, Muhamood. Umenieleza mwenyewe. Kwa hiyo kiti usimnyang'anye kama mtu aliyefukuzwa kazi. Ijumaa iwe yake, kwenda msikitini na kurudi, na Mubuku kwa mchele akitaka, kwa sababu ni baba yako na anapenda upepo. Na uulize lini daktari wa macho anafika huko kwenu, umpeleke. Mtoto wa jicho siku hizi hutolewa. Hilo ungelifanya miaka mitatu iliyopita badala ya kumpangia koti kwenye kiti.

Siku ya harusi Hajji atatangulia mbele ya msafara, kwenye lori lake la kwanza, kando ya dereva, na kila mtu atamwona vizuri zaidi kule juu kuliko chini kwenye hicho kijigari chenu.

Sasa Habibah, ambaye kwa ajili yake uliniandikia. Yule binti hakukataa lori na hakumkataa Hajji. Alikuuliza, "Lazima ya nini?" na ukamjibu mambo ya karatasi. Mwanamke akikuuliza sababu ukampa karatasi, anajua kwamba kuna kitu umekificha, na anajiuliza kama utakuwa unamfanya hivyo miaka yote. Mwezi aliokupa si wa kutafuta kiti. Ni wa kutafuta ulimi wako. Na mimi ningekuwa shangazi yake Halimah, pale dirishani, ningemwambia akupe wiki moja tu.

Usimwandikie. Usimtumie salamu kwa mtu wa lori. Karatasi mpya ya bima ikishabandikwa kwenye kioo, kwa jina lako na umri wako, oga, vaa shati safi, uende Bwera mchana kweupe, wewe peke yako, polepole, ukiwapisha wenye baiskeli. Ukifika kwao usipige honi. Shuka usimame nje ya motoka, umwambie yote, la Yeseri, la Thembo, na la mzee kwenye usukani, hasa hilo. Halafu mfungulie mlango wa ule upande wa pili na umngoje. Akikaa au asipokaa, hilo ni lake kuamua.